Gari ya Mama Godelive Inanisikia Mimi Tu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane. Butembo.

Nimeshtuka.

Gari ya Mama Godelive imefika kutoka mpakani Kasindi. Nyeupe, ya Wajapani, volant ya kuiongozea iko upande wa kuume, haina hata alama ya ukucha. Mama Godelive ni mujane, anauza mabati na sementi, na ni boss wangu tangu miaka tisa; mimi ni chauffeur, dereva wake. Aliniambia niiingize ndani ya parcelle, uwanja wa dépôt yake. Nikaingia pole pole, na heshima. Kuku akapita mbele. Mimi sikukanyaga freni. Ninaapa. Mguu wangu ulikuwa unapumzika. Gari ikasimama yenyewe, paf! Paji la uso wangu likabusu volant. Kuku akaendelea na safari yake.

Watu wote wa dépôt, ile ghala, wakaacha kupakia mabati. Mulinzi akavua kofia.

Nikazima, nikawasha tena, nijifanye ni mimi niliyetaka. Ndipo sauti ya mwanamuke ikatoka ndani ya gari. Maneno marefu, laini, ya adabu, kama ya mama wa protocole anayepokea wageni kwenye salle, ukumbi wa ndoa. Kijapani. Mama Godelive akauliza nani yuko mule ndani. Nikasema ni gari. Akauliza inasema nini.

Hapo ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini pembeni alisimama Kambere.

Kambere ni mutoto wa ndugu ya marehemu bwana ya Mama Godelive. Miaka ishirini na sita. Alisoma informatique miaka miwili Beni, na tangu siku hiyo anatembea na vifaa vya muziki masikioni. Anaendesha pia. Ananiita vieux, muzee. Hakungoja: alisema gari kama hii ni ordinateur, kompyuta yenye magurudumu, kwa hiyo inataka mutu wa ordinateur.

Donc basi nikamujibu Mama Godelive kwamba gari inasalimia chauffeur wake. Inamushukuru kwa mukono wake mwepesi.

"Papa Kahongya, unasikiaka Kijapani?" akaniuliza.

Nikasema miaka kumi na tisa ndani ya magari yao, Mama, mutu anazoea.

Akachukua ufunguo, akaenda kuketi ofisini, akautundika kwenye musumari nyuma ya kichwa chake, juu ya calendrier ya paroisse, ile ya tarehe za misa. Halafu akatangaza. Tarehe 16 binti yake Victoire anaolewa Beni. Kati yetu wawili, atakayemupendeza ndiye atamupeleka bibi ya arusi. Na akimufikisha bila kukunja robe yake ya arusi, ufunguo utakuwa wake, wa kulala nao. Yule mwingine atapanda camion, lori la mabati, njia ya mbali ya Kayna.

Camion ile! Haina kiti. Unaketi juu ya bidon ya mafuta iliyofungwa na kamba.


Jumanne, tarehe 5.

Nimeamka mapema kusoma gari. Kwa wengine ni kuosha. Kwangu kuosha ni kusoma.

Niliyoyaona yanashtua. Juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha katikati, kuna macho mawili kama ya bundi. Ndani ya pua, nyuma ya alama ya kampuni, kuna kitu kingine kisichoonekana. Kambere anakiita radar, na anakitaja kama mutu anayetaja shemeji yake waziri. Kwenye parechoc, zile bampa, kuna vifungo vidogo, vinne mbele na vinne nyuma, kama vya koti ya diacre wa kanisa. Hivyo vinatoa sauti ambayo sikio la mutu haliipati, halafu vinangoja irudi. Ikirudi haraka, kuna ukuta. Ikichelewa, pita.

Tena macho yale yanatafuta mistari myeupe ya barabara, ili gari isitoke njiani. Nilipopewa ufunguo na kutumwa marché, sokoni, nilichukua nafasi ya kuangalia. Kwenda na kurudi, mustari hakuna. Kile kitaa cha mistari kwenye dashibodi kilibaki kijivu muda wote, kama mutu aliyeambiwa angoje ndugu yake hapa hapa. Nimekihurumia.

Kabla ya kurudisha ufunguo nilipita nyumbani, nikamuomba Mariette, bibi yangu, atembee mbele ya gari na beseni ya sombe, majani ya muhogo, kichwani, nione. Alijibu kwamba amenizalia watoto watano na jaribio hilo linatosha. Nikatumia bidon. Gari ikasimama. Nikatumia benchi. Ikasimama. Mbuzi wa jirani: ikasimama. Pagne ya Mariette, kitenge kilichoanikwa kwenye kamba: ikasimama. Mariette alisema ni mara ya kwanza chombo cha Papa Kahongya kinaogopa kitu kinachopaswa kuogopwa.

Nimeandika yote ndani ya cahier, daftari langu hili. Ukurasa wa tatu. Neno la mwisho ni hili: gari hii haibagui, inaogopa kila kitu. Na mutu anayejua kinachoiogopesha, huyo ndiye boss yake.


Alhamisi, tarehe 7.

Leo ilikuwa zamu ya Kambere. Mama Godelive alitaka amuone akitoa gari kinyume-nyume kutoka dépôt mpaka barabarani, yeye mwenyewe ameketi ndani.

Asubuhi, katika kusoma kwangu na sabuni, nilichukua bugali ya muhogo iliyobaki jana. Kipande kama ncha ya kidole. Nikakipaka juu ya kifungo kimoja cha nyuma, kona ya kushoto. Bugali ikikauka ni sementi, na pale kwetu hakuna anayeshangaa kuona sementi.

Kambere akawasha. Mwanamuke akasema maneno yake. Kambere akaingiza marche arrière, gia ya kurudi nyuma. Gari ikaanza kulia tii tii tii bila kupumua. Nyuma hakuna kitu, uwanja mutupu. Akatoka, akaangalia juu juu, akarudi. Tii tii tii. Akaenda mita moja, gari ikajifunga, paf. Mama Godelive akashika kitambaa chake cha kichwa na mikono miwili, akaniita. Inasema nini?

Niliweka sikio kwenye kioo. Nilifunga macho. Nikasema inalalamika. Inasema mguu wa huyu bwana ni muzito na mawazo yake yako mbali.

"Inaonaka mpaka mawazo?"

Nikasema ndiyo kazi ya yale macho ya mbele, Mama.

Kambere akatoa vifaa masikioni. Mara ya kwanza tangu ninamujua! Akasema ni capteur, kile kifungo, imechafuka, basi. Akazunguka nyuma kutafuta. Moyo wangu ulijifunga wenyewe kama gari. Lakini kuku alikuwa amemutangulia. Alidonoa mara tatu, akala ushahidi wote, akapangusa mdomo kwenye parechoc na kuondoka. Kambere aliinama muda murefu mbele ya kifungo kilicho safi kama sahani ya askofu.

"Vieux," aliniambia tukipishana, "mi sijue umefanya nini. Lakini umefanya."

Nilimujibu kwa upole kwamba ordinateur nazo zina siku zao.


Ijumaa, tarehe 8.

Nimeshtuka kuliko Jumatatu.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeketi ndani ya gari, ninasoma. Mama Godelive akafungua mulango wa nyuma, akaingia, akafunga. Akasema na sauti ya chini, ya kitubio. Kama gari inaona mawazo, basi iseme juu ya Ananie.

Ananie ni bwana ya arusi. Kijana wa Mulekera, kule Beni, ana pharmacie ndogo ya dawa, hana neno na mutu. Lakini kati ya mbuzi wa mahari waliokuja kutoka kwao, mumoja alifika anachechemea. Wazee wa familia walimupokea na kufunga kinywa. Mama Godelive alifunga kinywa tu. Macho hakufunga.

Nikasema gari haijakutana na Ananie. Nilifikiri nimeponea hapo. Akafungua sakosi yake ya mukono, akatoa picha ya Ananie, ile ya passeport, akanyoosha mukono mpaka kwenye kile kioo kidogo na kuishikilia mbele ya macho ya bundi.

"Yeye huyu. Imuangalie muzuri."

Ikabidi niwashe. Mwanamuke akasema maneno yake, marefu, laini. Mimi niliangalia uso wa Mama Godelive ndani ya kioo. Ulikuwa uso wa mutu ambaye tayari ana jibu, anatafuta cachet, muhuri tu. Ningefanya nini? Ufunguo unalala nyuma ya kichwa chake, si changu.

Nikasema gari inasema tuangalie.

Tuangalie nini? Nikasema imesema hivyo tu, tuangalie. Alitikisa kichwa mara tatu.

"Ile mbuzi," akasema.


Jumapili, tarehe 10.

Baada ya misa ya pili Victoire alinikamata nje ya kanisa, mbele ya watu. Musichana mupole. Nilimubeba shuleni ndani ya pick-up akiwa na miaka kumi na mbili. Leo alinishika kwenye mukono wa koti.

Mama yake ametangaza mezani kwamba ndoa itangoja mpaka familia ifanye uchunguzi. Waalikwa wameshapata mialiko. Robe imeshafika. Mpaka fanfare, wapiga tarumbeta, imeshapewa nusu ya pesa yake.

"Papa Kahongya, tangu lini mi nachaguliwa bwana na pua ya gari?"

Nikajaribu kueleza kwamba ni macho, si pua. Hakutaka elimu. Alisema kama mpaka jioni gari haijabadilisha mawazo, yeye mwenyewe atamuambia mama yake ni nani anayesemea gari.

Nilirudi nyumbani mbio. Mariette aliuliza nina nini. Nilifanya hesabu ya kichwa: hakuna ndoa, hakuna safari. Hakuna safari, hakuna ufunguo. Kumbe mimi ndiye nilikuwa ninajitupa kwenye camion na mikono yangu mwenyewe!

Saa kumi nilikuwa kwa Mama Godelive. Nilimuambia kwamba gari imekaa siku mbili inafikiri. Tukaingia. Picha ikapanda tena mbele ya macho. Nikawasha. Mwanamuke akasema. Kabla sijafungua kinywa Mama Godelive akainua kidole.

"Ni maneno ile ile. Ya Ijumaa."

Jasho likanitoka kwenye magoti. Sikujua magoti yanatoa jasho.

Halafu neema ikashuka. Nikamuuliza: Mama, tunapotoa rozari, Salamu Maria ya kwanza na ya hamsini si maneno yale yale? Kinachobadilika si nia? Kijapani ndivyo kilivyo. Ijumaa nia ilikuwa tuangalie. Leo nia ni: nimeangalia, kijana ni muzuri, na mbuzi alichechemea kwa sababu ya njia.

Aliangalia uso wa Ananie tena. Halafu akarudisha picha ndani ya sakosi.

"Hata mi niliwaza ni njia," akasema.

Ndoa iko. Victoire hakunishukuru.


Jumatano, tarehe 13.

Mapambo. Hapa ndipo vita inapokwisha.

Mama Godelive alituita wawili tuseme gari itavaa nini. Kambere akasema kwanza: maua juu ya paa na kwenye milango, mbele hapana. Hata kamba moja hapana. Macho yaone, radar ione, vifungo visikie. La sivyo gari itafikiri iko ukutani.

Alisema kweli. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Cahier yangu inasema wazi, ukurasa wa tatu: inaogopa pagne. Lakini Kambere alikuwa amesema kwanza. Mutu atasimamaje mbele ya boss na kusema "kama alivyosema kijana"?

Nikacheka kidogo, kama mutu muzima. Nikauliza kama tunapeleka bibi ya arusi ao tunapeleka mugonjwa. Gari uso wazi, bila ua, watu wa Beni watasema Butembo tumekuwa masikini. Nikapendekeza: noeud, fundo kubwa la utepe wa dhahabu kwenye pua, ile inayong'aa. Maua ya plastiki yaliyoshonwa kwenye parechoc yote, yanaanguka mbele kama ndevu. Na juu ya kioo, katikati, picha ya Victoire na Ananie ndani ya moyo mwekundu.

Mama Godelive alifunga macho aione. Akatabasamu.

"Papa Kahongya atapeleka mutoto."

Nilitoka nje ili nisiruke mbele ya watu. Kambere alinifuata. Hakukasirika, ndicho kilichoniudhi. Aliniambia kuna bouton, kitufe cha kuzima yale macho na vifungo, niitafute kabla ya Jumamosi. Nikamujibu ninaijua. Akauliza ni ipi. Nikasema boutons si watoto, hatuziiti kwa majina.

Nimeiona. Upande wa kushoto wa volant, ina kamchoro ka mistari inayopanda kama moshi. Nitaibonyeza Jumamosi. Akili yote italala, gari itakuwa gari.


Jumamosi, tarehe 16. Beni, Mulekera, saa kumi na moja jioni, nyuma ya salle.

Nimejificha hapa na sahani ya wali. Niandike wakati mukono unakubali.

Saa kumi na mbili asubuhi, Butembo. Gari imevaa. Hata mimi nilishtuka kwa uzuri wake; pua haionekani, macho hayaonekani, ni maua tu na dhahabu. Victoire nyuma, robe imejaza kiti chote mpaka madirishani. Mama Godelive pembeni yangu, kushoto. Nyuma yetu pick-up ya fanfare na cameraman, Kambere ndiye anaiendesha. Halafu motards kumi na wanne wa pikipiki, taa zinawaka.

Nikawasha, mwanamuke akasema, nikabonyeza bouton. Kataa kadogo kakawaka. Muzuri. Nikaingiza gia. Gari ikaenda mita moja. Paf.

Victoire akaja mbele na bouquet ya maua, ikanipiga kisogoni. Nyuma, tarumbeta ya fanfare ilitoa sauti ambayo haikuwa ndani ya wimbo. Nikajaribu tena. Paf. Kila nikienda pole pole, maua yanajitikisa mbele ya vifungo na gari inaona ukuta. Nikikimbia, inatulia. Donc nikagundua: dawa ni kukimbia. Tukatoka Butembo kama watu walioiba bibi ya arusi.

Hapo ndipo nilianza kusikia joto. Joto kutoka chini. Nilifikiri ni hofu. Kilomita tano, joto linapanda. Kilomita kumi, ninakaa upande mumoja. Ile bouton ilikuwa ya kupashia kiti! Wajapani wana baridi, wanapasha matako. Nikabonyeza tena izime, kikazidi. Mama Godelive aliniuliza kwa nini ninaendesha nimesimama. Nikasema ni heshima kwa bibi ya arusi.

Kijiji cha Maboya, mama mwenye ndizi anavuka: nikapunguza. Paf. Mlima wa Kabasha, camion mbele inapanda kama mutu anayehesabu mawe: nikapunguza. Paf, paf, paf, mpaka juu. Picha ya ndani ya moyo ikadondoka nusu, ikabaki Ananie peke yake ananing'inia kichwa chini. Kila tuliposimama Kambere alishuka, akaja dirishani, akasema vieux, toa maua. Na kila mara nilimuambia asiguse, gari inajua inachofanya.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabara, askari alikuwa hajainua mukono. Gari ilisimama yenyewe mbele yake, sawasawa, viatu vyake na maua vinagusana. Aliizunguka yote. Akasema na Lingala, kwa mapendo: "Mutuka oyo eza na discipline," gari hii ina nidhamu. Akatuacha bila swali. Kwa dakika mbili nilikuwa mutu mwenye furaha.

Mulekera. Hapa moyo wangu ulikufa. Mama wakubwa wa familia ya Ananie walikuwa wametoka kutupokea njiani, kama desturi, na matawi, na pagne wametandika chini gari ipite juu. Mbele yao Tante Jokébed, dada ya baba ya Ananie, mwanamuke mukubwa, anacheza kinyume-nyume, uso kwetu. Nikasogea. Alitikisa mabega. Paf. Gari iliinama pua, ikainuka.

Tante Jokébed akasimama. Aliweka mukono kifuani. Akaita wenzake: "Muone! Gari ya Butembo inapiga magoti!"

Nimeona mengi, lakini hayo sijaona. Kila mama alitaka apigiwe magoti yake. Walipanga mustari. Anacheza mumoja, gari inainama, vigelegele, anapita mwingine. Wale waliokwisha kupigiwa walirudi nyuma ya mustari. Victoire nyuma yangu alikuwa anaenda na kurudi kama ngoma. Robe ilikuwa imefika shingoni. Mwishoni aliniambia bila kulia, bila kupandisha sauti:

"Papa Kahongya, mi nataka kuolewa leo. Kufa, siku ingine."

Misa ilikuwa saa nne. Tulifika saa tano na nusu. Padri alikuwa ameketi kwenye ngazi.

Lakini wakaoana. Robe imekunjamana kama karatasi ya beignet, ile ya kufungia mandazi, sawa, lakini wakaoana. Nikajiambia bado kuna njia. Watu wa Mulekera walikuwa wananishika mukono, wananiita chauffeur mwenye gari ya heshima. Mama Godelive mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu. Tukaingia ndani ya gari kwenda salle, familia mbili zimetuzunguka, milango wazi. Nikawasha. Mwanamuke akasema maneno yake.

Tante Jokébed akauliza ni nani. Mama Godelive, na kiburi, akamuambia ni gari, na kwamba Papa Kahongya anaisikia. Akaniomba niwape watu maneno yake.

Nilisimama. Nilifungua mikono. Nikasema gari inapongeza familia zote mbili, inabariki tumbo la Victoire, na inashukuru chauffeur aliyeifikisha salama.

Kambere alikuwa amesimama kwenye mulango wangu na téléphone mukononi. Aliomba tu nizime na kuwasha tena. Mbele ya watu wote, ningekataa vipi? Mwanamuke akasema. Kambere akaiinua téléphone isikie na kutafsiri. Téléphone ikasema na Kifaransa, wazi, kama mwalimu wa dictée anayesomea watoto waandike: carte haijaingizwa, tafadhali ingiza carte.

Kambere akazima gari. Akaiwasha mara ya pili. Carte haijaingizwa.

Kambere akaeleza, na sauti ya chini kabisa, nitamuchukia mpaka kaburi kwa ile sauti. Kule Japani, alisema, barabara kubwa zina milango ya kulipia inayosoma carte, kadi ya malipo, ndani ya gari ikiwa inapita. Hakuna anayesimama, hakuna kamba ya kuinua. Gari hii imetoka kule bila carte yake. Inaiulizia tu. Kila siku.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ananie ndiye alisema wa kwanza, pole pole, kama mutu anayesoma ordonnance mbaya ya daktari: "Donc Mama, na mi nilichunguzwa na mutu wa kuomba carte?"

Mama Godelive alinigeukia. Alinyoosha mukono wake wa kuume mbele yangu, kiganja juu.

"Papa Kahongya. Ufunguo."

Nilitoa. Aliufunga ndani ya mukono wake.

"Miaka tisa," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua ni wewe. Nilikuwa nawaza tu namna ya kumuambia Kambere. Ungesema hujue, ni hivyo tu."

Akampa Kambere.

Ninaandika hapa nyuma ya salle. Fanfare imeanza. Wali ni muzuri. Siwezi kukaa kwenye benchi kwa sababu ya kile kiti.


Jumatatu, tarehe 18. Butembo.

Jana nilishinda kitandani. Mariette alinitazama mara nyingi akitaka kunifariji, halafu anakumbuka kila kitu na kuanza kucheka ndani ya sufuria.

Kesho camion, Kayna. Leo Mama Godelive amenituma nioshe gari mara ya mwisho, nitoe gundi ya maua. Kambere ndiye alifungua mulango. Hakusema vieux. Alisema Papa Kahongya, na akaenda kunywa chai na kuacha ufunguo ndani. Kijana hajui ulinzi.

Niliketi. Kiti kilikuwa baridi, salama. Nikawasha. Mwanamuke akasema.

Na hapo nikashtuka kuliko siku zote. Kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, nilimusikia! Anaomba carte. Siku kumi na ine mama wa watu anaomba, na adabu yote ile, na hakuna hata mumoja wetu aliyempa. Na Kambere, mutu wa ordinateur, yeye alijua tangu Jumamosi, na amempa? Hajampa. Anaendesha tu. Négligence, uzembe!

Nilitafuta na kidole chini ya dashibodi, upande wa volant. Kuna tundu. Jembamba, lina kataa kekundu kanakopepesa.

Nimefikiri vizuri, si kwa haraka. Gari inataka kujua ni ya nani. Mutu atakayeipa carte wa kwanza, jina lake litaingia ndani, pamoja na picha, na Mama Godelive akiweka mutu mwingine kwenye volant itakataa kwenda. Si mimi nitakayesema. Itasema yenyewe, na téléphone ya Kambere itatafsiri mbele ya watu wote.

Nina carte moja tu, ya électeur, ile ya kupigia kura inayonitambulisha kwa askari. Nimeipima kwenye tundu. Inazidi kidogo upande.

Mariette ameuliza nitapita vipi kwenye barrière za njia ya Kayna kesho bila carte nzima. Nimemuuliza yeye: nikiwa na ufunguo, Kayna nitaenda kutafuta nini?

Ameacha kucheka. Amenipa mukasi mwenyewe, akatoka nje.

Nimekata pole pole, na plastiki yake. Jina limebaki lote. Kwenye picha limeenda sikio moja tu.